Nusu ya umri kwenye joto, nusu handakini: kuonja Maker's Mark Cellar Aged ya 2023

Kwenye lebo pameandikwa asilimia 57.85. Kwa anayefahamu jinsi Maker's Mark, kiwanda cha bourbon, wanavyofanya kazi, namba hiyo inashangaza kuliko umri wa wiski yenyewe. Wiski yao huingia kwenye pipa ikiwa na asilimia 55 ya alkoholi. Hii imekaa humo miaka 11 na 12, katika jimbo la Kentucky ambako jua la kiangazi huziunguza ghorofa za juu za maghala, na bado nguvu yake haijaongezeka hata asilimia tatu. Bourbon nyingi za rika lake, yaani wiski za Marekani zinazotokana zaidi na mahindi, huwa zimekwenda mbali zaidi. Kuna kitu kiliishika mkia. Nilinunua chupa ili nikitafute kitu hicho kwa ulimi, wala si kwa ajili ya lakiri nyekundu inayochuruzika shingoni mwa chupa, ingawa nayo ina uzuri wake.

Tuanze na kinachoifanya bourbon iwe na haraka. Sheria ya Marekani inataka mahindi yasiyopungua asilimia 51, ikenekwe isizidi asilimia 80 ya alkoholi, iingie kwenye pipa ikiwa haizidi 62.5, na pipa lenyewe liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa moto ndani. Sharti la pipa jipya ndilo linaloamua mengi. Waskoti hutumia zaidi mapipa yaliyokwisha kubeba bourbon au mvinyo wa sheri, mbao zimeshachoka, ndiyo maana wiski yao huvumilia miaka 18 au 25 bila kulalamika. Pipa jipya la lita 200 bado lina kila kitu: sukari za mbao zilizoungua, vanilini, laktoni zenye harufu ya nazi, na yujenoli, ambayo ni kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Lina tanini pia, kile kinachokausha kinywa. Kiangazi kinapoingia, wiski hutanuka na kupenya ndani ya mbao. Majira ya baridi hunywea na kurudi ikiwa imebeba ilichokikuta huko. Miaka ya mwanzo hurudi na utamu. Utamu ukishapungua, kinachobaki cha kuchotwa ni uchungu na ukakasi, kama chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake ndani ya birika.

Maker's Mark waliamua mapema kwamba wao hawafiki huko. Bill Samuels, baba wa biashara hiyo, alinunua kiwanda kidogo cha Loretto mwaka 1953. Akaitupa nafaka ya rai, inayozipa bourbon nyingi ukali wa viungo, akaweka ngano: mahindi asilimia 70, ngano 16, kimea cha shayiri 14. Inasimuliwa kwamba alioka mikate ya michanganyiko mbalimbali ya nafaka ili achague kwa kula badala ya kungoja miaka aonje wiski. Chupa za kwanza zilitoka 1958, shingo zimechovywa kwenye lakiri, na hilo lilikuwa wazo la mkewe, Margie. Kwa zaidi ya miaka sitini nyumba hiyo ilishikilia kwamba wiski yake huiva kwa miaka sita au saba, kisha basi. Mapipa yenyewe huhamishwa, yakatolewa ghorofa za juu zenye joto na kushushwa chini, kazi ngumu ambayo viwanda vingi vimeiacha. Wenzao walipokuwa wakiuza bourbon ya miaka 15, 20 na 23 kwa bei za kutisha, wao walisema mbao zikizidi huifunika ngano.

Mimi nilikuwa upande wao katika ubishi huo, na kwa kiasi fulani bado nipo. Bourbon ya ngano haina ule ukali wa rai wa kupambana na mbao. Ikizidiwa, inazidiwa kimya kimya. Unabaki na kitu cheusi, kikavu, kinachokumbusha samani kuukuu, na watu wanakisifu kwa sababu wamekilipia.

Kilichobadilisha mambo ni handaki, nalo lilichimbwa kwa shida nyingine kabisa. Mwaka 2010 kiwanda kilitoa Maker's 46: wiski iliyokwisha kuiva hutolewa kwenye pipa, mbao kumi za mwaloni wa Ufaransa zilizobabuliwa hufungwa ndani ya pipa hilohilo, kisha wiski hurudishwa ikakaa wiki tisa hivi. Ilipofanywa majira ya baridi ilitoka nzuri. Ilipofanywa kwenye joto, mbao hizo zilitema uchungu. Kwa hiyo 46 ikawa bidhaa ya miezi ya baridi tu, jambo lisilomfaa mtu mwenye wateja mwaka mzima. Ndipo walipokata kilima cha mawe ya chokaa kwenye shamba lao la Star Hill wakajenga ghala la ndani ya ardhi linalokaa kwenye nyuzi 10 hivi za Selsiasi, iwe Januari au Julai. Lilifunguliwa mwishoni mwa 2016.

Ukishakuwa na baridi ya mwaka mzima, mawazo mengine huja yenyewe. Mapipa ya kawaida yaliyokwisha kukaa ghalani miaka kama sita yakaingizwa humo, yakaachwa miaka mingine mitano hadi sita. Hesabu inakaa vizuri: pipa lililojazwa 2011 lilitimiza miaka sita 2017, handaki likiwa bado jipya. Toleo la kwanza likatoka 2023, asilimia 87 ikiwa wiski ya miaka 12 na asilimia 13 ya miaka 11, haikuzimuliwa kwa maji.

Hapa mwenye mashaka atauliza: kama baridi inazuia mbao, si ni sawa na kuiweka wiski kwenye friji na kuhesabu miaka? Swali halali, maana umri ndio unaouza chupa. Jibu langu ni kwamba pipa kwenye baridi bado linapumua. Hewa huingia polepole kupitia mbao, na sehemu ya wiski hutoka kama mvuke, lile linaloitwa fungu la malaika. Oksijeni hiyo hubadilisha harufu na kulainisha kingo. Tangi la chuma haliwezi kufanya hivyo. Dau la wenye kiwanda ni kwamba kwenye nyuzi 10 mbao hulegeza mkono wakati pumzi inaendelea, hivyo wiski inazeeka bila kuchotewa tanini kwa kasi ya kiangazi.

Na namba ya lebo inaunga mkono dau hilo kabla hata kizibo hakijatoka. Ghorofani kwenye joto na hewa kavu, maji hutoroka upesi kuliko alkoholi, hivyo nguvu hupanda mwaka hadi mwaka. Kwenye ubaridi na unyevu mambo hugeuka: alkoholi ndiyo inayotangulia kutoka, nguvu husimama au hushuka, kama inavyotokea Scotland. Sasa, Maker's Mark Cask Strength ya kawaida, nayo isiyozimuliwa kwa maji lakini isiyojua handaki, hutoka ikiwa kati ya asilimia 54 na 57. Cellar Aged ina umri unaokaribia mara mbili na imefika 57.85. Maana yake kupanda kulifanyika zaidi nusu ya kwanza, na nusu ya pili karibu pasitokee kitu upande huo. Mapipa huchanganywa, na mchanganyaji anaweza kuchagua, kwa hiyo sitaiita hoja ya kufunga kesi. Lakini ni shahidi asiye na maneno mengi ya tangazo.

Kuonja chupa hii peke yake hakusaidii. Utaipenda tu, na utakuwa hujajifunza lolote. Nilitaka glasi mbili za kuibana. Ya kwanza ni Cask Strength hiyo ya kawaida: nafaka zilezile, kiwanda kilekile, umri mdogo. Ya pili ni Elijah Craig Barrel Proof ya yale matoleo yaliyokuwa yakiandikwa miaka 12 kwenye lebo: rika moja na Cellar Aged, imezeekea maghala ya joto ya kiwanda cha Heaven Hill mwanzo hadi mwisho, ila ina rai badala ya ngano, na nguvu yake ilipita 60. Moja inafanana kwa damu, nyingine inafanana kwa umri.

Nguvu zikiachwa zilivyo, ulimi hudanganywa na moto. Kwa hiyo zote tatu nilizishusha hadi asilimia 50. Hesabu ni nyepesi: zidisha mililita ulizonazo kwa nguvu ya chupa, gawanya kwa 50, tofauti ndiyo maji ya kuongeza. Mililita 30 za Cellar Aged zinataka karibu mililita 4.7. Lile bomba la kupimia dawa ya mtoto linaifanya kazi hiyo vizuri kuliko kifaa chochote cha duka la vileo. Tumia maji ya chupa yasiyo na ladha, acha glasi zikae dakika kumi hivi, kisha nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, la sivyo alkoholi itakupiga puani na utamaliza usiku unanusa maumivu.

Mke wangu alimimina na kubandika namba chini ya glasi, akaweka Elijah Craig, ile ya miaka 12 ya joto, katikati. Mezani tulikuwa watatu. Ninaishi Louisville, mji wenye wazungumzaji wengi wa Kiswahili, hasa waliotoka Kongo, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kutoka Loretto, na mmoja wa wageni wangu alikuwa mzee wa Uvira ambaye maisha yake yote amekunywa bia na hajawahi kuvutiwa na maneno yangu kuhusu mapipa. Mwingine alikuwa kijana wa Tanga anayependa wiski yake na soda.

"Ile ya katikati inakaushaka kinywa," alisema Mzee, kabla hajaulizwa. Akavuta ya tatu, akakaa nayo. "Hii iko muzee, lakini haina kasirani."

"Mzee wangu, mimi hiyo ya kwanza ndiyo naielewa," kijana akajibu. Ya kwanza ilikuwa Cask Strength ya kawaida.

Nasema kweli, baada ya hapo niliandika ukurasa mzima wa maelezo na sikuongeza mengi juu ya hukumu ile. Lakini maelezo yana kazi yake, tuyapitie.

Cask Strength ya kawaida, ikiwa imeshushwa hadi 50, ni nyangavu. Vanila inatangulia, karameli, gamba la chungwa, mkate uliotoka jikoni. Mdomoni inakuja yote mara moja na kuondoka mara moja. Ukimeza unahesabu kidogo tu na imekwisha. Si kosa. Ni wiski ya kijana mwenye afya, na kijana wa Tanga alikuwa na haki ya kuipenda, hasa anapofikiria soda.

Elijah Craig ni habari nyingine: karanga za kukaanga, tumbaku, sukari iliyoungua hadi ukingoni mwa uchungu. Nusu ya kwanza mdomoni ni tajiri kuliko zote tatu. Kisha mbao zinafika na hazitaki kuondoka. Ufizi unakaza, ulimi unatafuta maji. Wapo wanaoutaka ukavu huo na kuulipia, nami baadhi ya usiku ni mmoja wao, hasa kwenye barafu. Hapa ulinifaa kwa sababu ulionyesha waziwazi miaka 12 ya joto inaacha nini.

Cellar Aged ilianza kwa harufu ambayo sikuitegemea kwenye chupa ya nyumba hii: tende, sukari guru, na nyuma yake karafuu iliyo wazi kabisa. Harufu ya mbao ipo, ya mbao zilizokauka vizuri, bila moshi. Mdomoni ni nzito; inatambaa. Utamu unadumu hadi katikati, halafu kinaingia kitu kinachokaribia kakao chungu na mdalasini, na hapo nilijiandaa kwa tanini. Zilikuja, sikatai, lakini zilikuja kwa kipimo, zikashika pande za ulimi na kuuacha ufizi. Ladha ikabaki muda mrefu baada ya kumeza, tende tena, na mwisho kabisa ile ngano, mkate. Ngano haijafunikwa. Kwa hilo peke yake wenye kiwanda wamepata walichokuwa wakikitafuta.

Bila maji, kwa 57.85, karafuu huruka mbele na tende hujificha. Inapendeza lakini ina kelele. Nilipoongeza maji hadi 45, nguvu ya Maker's Mark ya kawaida ya lakiri nyekundu, nilitegemea ivunjike. Haikuvunjika. Ilipoteza uzito na ikabaki na umbo lake, vanila ikajitokeza zaidi, nazi kidogo. Ningekaa kwenye 50 au 52. Tahadhari kwa asiyezoea vinywaji visivyozimuliwa: mililita 30 za hii zina karibu gramu 14 za alkoholi, kinywaji kimoja kamili kwa vipimo vya Marekani, na haionyeshi.

Je, ni handaki au ni umri tu? Hapa ndipo jaribio langu linapofika ukutani. Tofauti na Cask Strength ya kawaida inaweza kuwa miaka tu. Tofauti na Elijah Craig inaweza kuwa ngano, au kiwanda, au jinsi mapipa yao yanavyochomwa, au ukweli kwamba Heaven Hill huingiza wiski pipani kwenye 62.5 na Maker's kwenye 55. Hilo la mwisho si dogo: ikiwa na maji mengi zaidi wakati wa kuingia, wiski huyeyusha sukari za mbao kwa namna tofauti. Kinachohitajika ni pipa la Maker's Mark lililozeeka miaka 12 ghalani tu, kwenye joto, na hilo halipo madukani kwa sababu wenyewe walikataa kulitengeneza kuwa bidhaa. Kwa hiyo ninaegemea vitu viwili vinavyoelekea upande mmoja: nguvu iliyogoma kupanda, na tanini zilizokuja zimepimwa. Vikiwa pamoja, sioni namna rahisi ya kuvieleza bila baridi. Mtu akiniletea maelezo mengine nitayasikiliza.

Nina ugomvi na jina. "Cellar Aged" humfanya mnunuzi aone pipa likizaliwa na kuzeekea handakini, ilhali karibu nusu ya maisha yake ilipita kwenye maghala ya kawaida, na nadhani bila nusu hiyo pasingekuwa na kitu cha kuonja. Joto ndilo lililoleta sukari guru na vanila. Baridi ilifika baadaye kuzilinda. Upande wa umri hawana hila. Lebo ikitaja umri mmoja, sheria hutaka uwe wa wiski changa kuliko zote ndani ya chupa, na hapa changa ni ya miaka 11, kwa asilimia 13 tu.

Kuna wanaokwenda njia iliyo kinyume kabisa. Trey Zoeller wa Jefferson's, chapa nyingine ya bourbon, hupeleka mapipa baharini kwa meli, yakavuka ikweta, yakatikiswa na mawimbi na kupigwa na joto la tropiki, ili mbao zifanye kazi kwa nguvu zaidi. Ni hadithi nzuri ya kusimulia mezani na wiski yake ina watu wake. Mimi naona bourbon haijawahi kuwa na uhaba wa haraka. Pipa jipya na kiangazi cha Kentucky vinatosha kuiharakisha hadi iharibike. Kugundua breki ni kazi ngumu zaidi, na isiyo na picha nzuri za kutangaza.

Bei iliyopendekezwa ilikuwa dola 150, na madukani wengi waliongeza yao juu. Cask Strength ya kawaida hupatikana kwa karibu theluthi ya hiyo. Je, ni bora mara tatu? Hapana. Mtu anayekunywa na soda au anayetengeneza kokteli asiiguse, Cask Strength itamfaa zaidi kwa sababu ung'avu wake hauzimwi na sukari. Anayetaka mbao kali, Elijah Craig inampa nyingi zaidi kwa fedha kidogo. Anayebaki ni mtu aliyewahi kununua bourbon ya ngano yenye miaka mingi, akakuta ukavu, akajiuliza kama umri na ngano vinaweza kukaa nyumba moja. Chupa moja inatoa glasi 25 za mililita 30, dola sita kila moja, nafuu kuliko baa yoyote itakavyokuuzia.

Toleo la 2024 linaipa kesi hii sura mpya. Humo asilimia 85 ni wiski ya miaka 13 na asilimia 15 ni ya miaka 12, na nguvu imefika 59.65. Mwaka mmoja zaidi wa umri, na kupanda kwa karibu asilimia mbili. Kama handaki linaishika nguvu kama nilivyodai, ongezeko hilo ni kubwa kuliko nilivyotegemea. Huenda mapipa hayo yalianza yakiwa na nguvu zaidi yalipotoka ghalani, au yalikaa kwenye joto muda mrefu kidogo kabla ya kushushwa. Ikiwa ni hilo la pili, ulimi utajua: tanini zitakuwa zimerudi kwenye ufizi.